Mbuzi ya Nazi Pangoni

Badawi wa Shella amewapeleka watu kutazama wanyama kwa miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo yote hajakanyaga majani ya mbuga kwa hiari yake. Namjua kwa sababu mimi ndiye dereva wake. Naitwa Nyale, kwetu ni Tezo, na gari ninaloendesha lina umri mkubwa kuliko leseni yoyote itakayotajwa hapa. Wageni wakiona simba, Badawi huwaeleza tabia zake akiwa amefunga mkanda, kwa kidirisha kilichofunguliwa vidole viwili. Anaogopa ndovu, anaogopa nyati, anaogopa nyani zaidi ya wote wawili. Nyumbani kwake nimewahi kumwona akimpisha jogoo.

Mahali pekee anaposhuka ni pangoni. Hifadhi yenyewe nitaiita Jiwe Jekundu, na usihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana jina nimelibadilisha kwa sababu utakazoziona. Ni mwendo wa saa nne kutoka Malindi. Unaipita Magarini na mashamba yake ya mihogo, minazi inapungua mpaka inakwisha, inabaki miiba na vumbi, halafu lango. Ndani kuna wanyama wa kila namna, na katikati kuna kilima cha mawe chenye pango. Ukutani mwa pango watu wa kale, wa kale kwelikweli, walichora kwa udongo mwekundu. Hawakuacha jina wala maelezo. Walichora wakaenda zao, wakatuachia sisi matatizo.

Mchoro ninaousema uko hivi. Mwanamke amesimama, mikono kiunoni. Mbele yake kuna kitu kifupi chenye miguu minne, na shingo imechomoza mbele, bapa nchani. Nyuma yake twiga amenyoosha shingo, kichwa kimepita juu ya bega la yule mwanamke. Chini wamepangwa wanaume saba, wadogo, wembamba, kama watu wasiokula vizuri. Pembeni kuna mistari mitatu mifupi. Basi.

Miaka tisa iliyopita tulikuwa na Wataliano kumi na mmoja, na Badawi alikuwa hajatia kitu tumboni. Lubna, mkewe, alikuwa amegoma kupika. Chanzo kilikuwa mbuzi ya nazi ya nyumba ile, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wa kukunia. Ulimi ulilegea, Lubna akamwomba mumewe aipeleke kwa fundi. Wiki ya kwanza Badawi akasahau. Wiki ya pili akasahau. Wiki ya tatu akasema inshallah, kwa sauti ya mtu asiyekwenda popote. Lubna hakugomba. Aliibeba ile mbuzi, akaiweka kizingitini, akasema nyumba hii haionji tui mpaka ulimi ukazwe, na yeye chakula kisicho na tui hajui kukipika.

Ikawa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Badawi na ndugu zake waliozoea kupitia pale saa ya mchana wakashindia mkate mkavu na chai ya rangi. Mama yake, Bi Mwanatumu, ambaye chumba chake kiko upande wa pili wa ua, akawa anachungulia juu ya ukuta kila baada ya sala kuona kama moshi umetoka jikoni.

Siku hiyo ya tatu ndiyo tuliyokuwa pangoni. Bibi mmoja wa Kitaliano akauliza mwanamke huyu ni nani. Kwa kawaida Badawi husema neno fupi juu ya uwindaji na kupita. Lakini njaa ilikwisha kumpanda kichwani. Alimtazama yule wa ukutani, mikono kiunoni, akamwona mkewe. Akakiona kile kitu cha miguu minne, akaiona mbuzi yake mwenyewe imekaa kizingitini. Akafungua kinywa, na kwa Kitaliano kile cha ufuoni cha Malindi akawasimulia habari ya mke aliyegoma, kiti cha kukunia, waume wenye njaa, na mama mkwe anayechungulia. Mimi Kitaliano nakijua cha kutosha kutambua dereva anaposengenywa, kwa hiyo nilifuata neno kwa neno. Wataliano walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakamgawia mikate yao yenye nyama. Ndivyo alivyofuturu.

Njiani nilimkumbusha kwamba wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Akanijibu kwamba ule haukuwa uongo, ulikuwa mzaha, na kila mwenye macho anajua kule kwenye miiba hakuna nazi. Nimeikumbuka sentensi hiyo mara nyingi.

Maana njia ya mwongo huyu haikuwa fupi hata kidogo. Yule bibi alikuwa mwalimu mstaafu, na alipofika kwao akaandika kijitabu. Kicheko hakikuingia kitabuni. Kijitabu kikarudi Malindi mkononi mwa wageni wengine, na Kazungu wa Magarini, mwongozaji mwenzetu asiyejua kunyamaza, akakisikia na kukisimulia kwa uso wa msiba, kwa sababu aligundua wageni humheshimu zaidi akikunja uso. Mwaka wa nne tukakuta ubao umesimamishwa mdomoni mwa pango, maandishi meupe juu ya rangi ya kijani. Badawi aliusoma, akacheka mpaka akakaa chini mavumbini bila kuangalia kama pana nyoka.

Kicheko kilimtoka wiki ile ile. Mzee mmoja mgeni alimwuliza maana ya mchoro, Badawi akasema ukweli, kwamba hadithi ya ubaoni ni mzaha wake. Mgeni akafungua kijitabu, akamwonyesha ukurasa, akamwambia kwa upole kwamba si vizuri mtu kutojua historia ya kwao. Badawi hakula siku hiyo, ingawa mkewe alipika. Ramadhani ilikuwa imekaribia, akatubu. Akaapa kwamba pangoni hatasema tena jambo asilolijua. Tangu hapo akiulizwa maana, hujibu neno moja: haijulikani. Wageni hawalipendi neno hilo. Wapo waliomwomba awatafutie mwongozaji anayejua. Mimi nilimheshimu kwa hilo, ila sikumwambia, kwa sababu hakuniuliza.

Mwaka huu ikatoka amri kwamba mwongozaji asiye na leseni haruhusiwi langoni. Kuna mtihani wa kuandika, ambao zamani ulikuwa wa hiari, na baadaye leseni yenye picha. Badawi ana miaka arobaini na sita, kazi nyingine haijui, na mtu anayeogopa jogoo huwezi kumshauri afuge. Akasoma kwa mwezi mzima. Aliyajua majina ya ndege ambao mimi nilidhani wote ni ndege tu. Matokeo yalipotoka alikuwa na alama arobaini na tisa. Ya kupita ni hamsini.

Tukaenda kuomba kuona karatasi. Swali la kumi na nne lilikuwa na alama mbili: Eleza mfungo wa kale unaooneshwa katika Mchoro wa Pili wa Jiwe Jekundu. Badawi alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni: Haijulikani. Pembeni palikuwa na kosa jekundu, kubwa. Mtu ameulizwa uongo wake mwenyewe, akasema kweli, akafelishwa. Nilitaka kucheka lakini uso wake ulinizuia.

Palikuwa na mlango mmoja. Aliyekosa alama chache anaweza kupimwa tena mbugani, mbele ya mkaguzi, akiongoza kikundi cha wageni wasiopungua wawili. Akifaulu huko, amepita. Akianguka, asirudi. Nikamshauri kama ndugu: ukifika pangoni, soma ubao, umeze mate, rudi garini. Akaniapia kwamba atausoma. Kiapo juu ya kiapo, lakini tumbo lina haki zake.

Kasoro ilikuwa wageni. Ulikuwa mwezi wa Mei, mvua, hoteli zimefungwa, Malindi nzima hakuna hata Mtaliano wa kuazima. Kanze, mke wangu, alikuwa Tezo akipalilia. Lubna ndiye aliyesema kwamba yeye ni mgeni wa kutosha, kwani tangu aolewe hajafika huko, na Bi Mwanatumu akasema kama gari lina nafasi yeye naye hajafa. Badawi alinitazama. Nikatazama usukani.

Tuliondoka alfajiri. Mkaguzi alikuwa Madam Nduku, mwenyeji wa Ukambani aliyekaa pwani miaka kumi bila kujifunza kuegemea kiti. Alikaa wima, jalada mapajani, kalamu tayari. Bi Mwanatumu alimkaribisha mahamri na mbaazi, Madam akashukuru na kusema yuko kazini, hawezi kupokea kitu. Bi Mwanatumu akamwambia hajampa mkaguzi, amempa mtoto wa mwenzake aliyetoka bila kula. Kufika Magarini Madam alikuwa amemaliza matatu, na Bi Mwanatumu alikwisha kujua idadi ya watoto wake, jina la mumewe, na kwamba mguu wa kushoto humsumbua wakati wa baridi.

Ndani ya hifadhi ndovu dume alisimama katikati ya njia. Badawi alinishika bega, na kwa sauti nyembamba akaanza kueleza ukubwa wa masikio. Maelezo yalikuwa sahihi, nasema haki. Lakini ndovu hakuondoka, na vidole vya Badawi vilikuwa vinaingia ndani ya shati langu. Bi Mwanatumu akafungua kioo mpaka chini, akatoa kichwa na kusema kwa adabu, "Tupishe, baba, tuna mtihani." Ndovu akageuka akaingia vichakani. Madam Nduku akaandika kitu, na hadi leo Badawi anaamini alikatwa alama.

Mbele kidogo tulimkuta twiga. Alikuwa amesimama nyuma ya mgunga, kichwa juu, anatutazama bila kupepesa. Bi Mwanatumu alimkazia macho kwa muda.

"Huyu hana haya," akasema. "Kazi yake ni kuchungulia uani kwa watu."

Lubna aligeuzia uso dirishani, mabega yakimtikisika. Mimi nilimtazama Badawi kwenye kioo. Jasho lilikuwa limemfika shingoni, na jua lilikuwa bado halijawa kali. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba shimo alilolichimba lina wenyewe wanaokwenda kulitazama.

Chini ya kilima akajaribu kujiokoa. Alisema njia ya kupanda ina nyoka. Akasema ina nyuki. Akasema kwa wazee kuna kizunguzungu, na michoro yenyewe ni myekundumyekundu tu, mtu akiona moja ameona yote. Bi Mwanatumu alikuwa amekwisha shuka, amejifunga leso kiunoni, anapanda. Lubna akafuata. Madam Nduku akamwambia Badawi kwamba wageni wakimtangulia mwongozaji si dalili nzuri, akampita naye.

Pangoni pana ubaridi mzuri. Madam alisimama pembeni, akafungua jalada. "Mwongozaji, endelea. Mchoro wa Pili."

Badawi akasafisha koo. Alikuwa tayari kusoma ubao haraka haraka, kama anayemeza dawa. Lakini hakuwahi. Lubna ni mwalimu wa chuo cha watoto pale Shella, na mwalimu hawezi kupita penye maandishi akanyamaza, tena mama mkwe wake alikuwa amesahau miwani. Alisogea mbele ya ubao akaanza kusoma kwa sauti ya darasani, kidole kikifuata mstari.

"Mfungo wa Siku Tatu," akasoma. "Mwanamke wa heshima aliupa kisogo moto wa jikoni kwa siku tatu, mpaka kiti kitakatifu kitakapotengenezwa na kurudishwa kizingitini."

Akaendelea, polepole zaidi.

"Wazee saba wa ukoo walishinda kwa mikate mikavu na kinywaji cha majani yaliyochemshwa. Twiga ni roho ya mama wa mume, iliyochungulia juu ya ukuta kuona kama moshi wa upatanisho umetoka."

Bi Mwanatumu akasogea karibu na ubao.

"Rudia hapo pa twiga," akasema Bi Mwanatumu.

Lubna akarudia. Bi Mwanatumu akasikiliza hadi mwisho, akakaza fundo la leso, akasema, "Ndoo niliyosimamia hawakuiandika."

Lubna akausogelea ukuta, mikono nyuma kama watu wanavyoagizwa, asiguse. Alikitazama kile kitu cha miguu minne. Akainama, akaitazama shingo yake bapa. Kisha akamgeukia mumewe. "Badawi. Hii ni mbuzi yangu."

Madam Nduku akamweleza, kwa upole wa mtu mwenye elimu, kwamba hicho ni kiti kitakatifu cha kale.

"Ni mbuzi ya nazi, Madam," akasema Lubna. "Ilikuwa imelegea ulimi. Ilikaa kizingitini kwangu siku tatu, na huyu hapa akala mkate."

Madam akamtazama Badawi, kisha mimi, kisha tena Badawi. Akamtaka aeleze kinachoendelea. Mimi nilikuwa nyuma yake Madam, na nilitikisa kichwa mpaka shingo ikalia. Alikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kusema ni mambo yaliyofanana tu, kwani wake wangapi pwani hii wamegoma, na waume wangapi wamekula mkate? Madam angeandika amepita, tukarudi nyumbani, ugomvi ukabaki wa nyumba. Akisema kweli, kanuni ilikuwa wazi, na tulikuwa tumeisoma pamoja: mwongozaji aliyewadanganya wageni hapewi leseni, leo wala kesho.

Badawi aliutazama ukuta. Akamtazama mkewe. Nilimwona anameza mate, lakini si kwa namna niliyomshauri.

"Ni mimi niliyesema," akasema. "Nilikuwa na njaa."

Akaeleza yote, tangu fundi ambaye hakumwendea hadi mikate ya Wataliano, hadi toba ya Ramadhani. Hakujitetea. Nilimkasirikia kiasi kwamba nilitaka kumwacha kule na nyani, na papo hapo nikajisikia fahari kufahamiana naye, na vitu hivyo viwili havikai vizuri ndani ya kifua kimoja.

Madam Nduku aliugeukia ubao. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi lakini haikuandika. Aliposema, sauti yake haikuwa ya mkaguzi.

"Swali lile nimelitunga mimi," akasema. "Mwaka wa nne sasa. Nimewafelisha watu kwa swali lile."

Akafunga jalada, akasema kwa masikitiko kwamba kanuni haikumwachia nafasi, aliyekiri kudanganya wageni hawezi kupewa. Badawi akaitikia kwa kichwa. Nikaanza kuhesabu ni nani Malindi anahitaji dereva asiye na mwongozaji.

Hapo Lubna akaingilia. Ana desturi moja ninayoiogopa: akikasirika hushusha sauti, akasema kwa adabu kuliko kawaida. "Samahani, Madam. Aliyedanganya ni wa miaka tisa nyuma, na huyo niachie mimi. Huyu wa kwenye karatasi yako aliandika nini?"

Madam akafungua jalada. Alitafuta, akapata. "Haijulikani."

"Na wewe sasa, unajua maana yake?"

Madam Nduku aliinua macho. Aliutazama mchoro, nadhani kwa mara ya kwanza bila ubao katikati. Mwanamke, kitu cha miguu minne, twiga, wanaume saba. Mistari mitatu ambayo labda ni siku, labda ni mikuki, labda ni mtoto wa mchoraji alikuwa anajaribu kidole. Alitazama mpaka mimi nikachoka.

"Haijulikani," akasema.

"Basi mpe alama zake mbili."

Madam hakucheka, kwa sababu hachekagi. Lakini alitoa kalamu, akakata lile kosa jekundu, akaandika juu yake, na hesabu ya arobaini na tisa na mbili hata mimi naijua. Akasema swali likifa, na kosa lililozaliwa nalo limekufa, na kama kuna mkubwa atakayemwuliza, atamleta hapa apande mwenyewe.

Badawi akaanza kushukuru, kwa Kiswahili na Kitaliano, na angeendelea mpaka jioni. Lubna alimnyamazisha kwa mkono. Uso wake ulikuwa umebadilika. Utani ulikuwa umemtoka.

"Miaka tisa," akamwambia, "umewaleta watu kutoka ng'ambo ya bahari ukawaonyesha mimi ni nani. Mimi mwenyewe hukunileta. Na leo pia hukunileta mimi, Badawi. Umeleta watu wawili wa mtihani."

Nami niliona aibu kwa niaba yake, halafu kwa niaba yangu, maana Kanze husikia habari za ndovu kila juma na hajawahi kuona hata kinyesi chake.

Kabla ya kushuka, Bi Mwanatumu alitaka picha. Alisimama karibu na twiga wa ukutani, akanyoosha shingo, akasema nipige kabla shingo haijamchoka. Lubna yeye alisimama mbele ya yule mwanamke wa udongo mwekundu, akamtazama. Sidhani alijua kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa kiunoni. Badawi alijua. Alikuwa ametazama chini.

Langoni Madam Nduku aliandika barua ya muda, akaigonga muhuri juu ya boneti la gari langu, akamkabidhi. Mwezi uliofuata ule ubao uling'olewa. Kazungu bado anasimulia hadithi ile kwa wageni wake, uso umekunjwa, na siku hizi amemwongezea twiga ndoo. Watu wanashangaa ndoo aliitoa wapi. Mimi nilimwambia.

Lakini nimeruka mbele. Siku ya tatu baada ya safari nilikwenda Shella kumchukua Badawi tupeleke picha za leseni. Nilimkuta barazani peke yake. Mbele yake palikuwa na sahani yenye nusu mkate, mkavu, na kikombe cha chai ya rangi. Kutoka nyumba ya jirani ilikuja harufu ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, pamoja na kicheko cha wanawake wawili ninaowafahamu. Nikamwuliza kama mbuzi ya nazi imelegea tena. Akasema mbuzi ni nzima, ameikagua mara mbili, kila kitu jikoni ni kizima. Akanyoosha kidole.

Ukuta wa nje wa jiko lao umepakwa chokaa. Mtu alikuwa ameuchora kwa mkaa. Mwanamke, mikono kiunoni. Nyuma yake twiga, amenyoosha shingo, amesimama juu ya ndoo, na ndoo hiyo ilichorwa na mkono mwingine, mzito zaidi, wa mtu aliyedai iwepo. Mbele ya mwanamke hapakuwa na mbuzi ya nazi safari hii. Palikuwa na gari, bovubovu, nikalitambua kwa taa moja, na ndani ya gari hapakuwa na mtu. Chini kabisa mwanamume mmoja, mdogo, mwembamba. Pembeni mistari mitatu, wa tatu ukiwa bado na unga wa mkaa.

Nikautazama vizuri. Kisha nikamwuliza, kama mgeni anavyomwuliza mwongozaji mwenye barua, maana ya mchoro huu ni nini.

Badawi akaweka kikombe chini. Akatazama upande wa nyumba ya jirani, ambako kicheko kilikuwa kimekatika ghafla, kama watu wanaosikiliza.

"Haijulikani," akasema.

Halafu akainuka, akajikung'uta makombo, akaniuliza kama Jumapili gari liko huru, si kwa wageni, kwa mkewe na mama yake, na je, naweza kuja mapema. Nikamwambia naweza, ila kiti cha mbele amekwisha kukichukua Kanze.